Mwaka Tunaodaiwa na Hakimu

Siku ile tuliokuwepo ni hawa. Mzee Bura, ambaye zizi lake liko ng'ambo ya njia. Baba Zuhura mwenye duka, mtu wa Kondoa, aliyeliacha duka wazi bila mtu. Mama Neema, msusi, ambaye pia huimba kwaya. Eli wa bodaboda, aliyekuwa akipita tu. Mdogo wangu Regina. Mimi. Hakimu mwenyewe, kwa kuwa nyumba ilikuwa yake. Na kijana mmoja wa Kizungu mwenye visikilizio masikioni, ila huyo alikuwa ndani ya kompyuta.

Nawataja wote kwa sababu Hakimu hakupenda habari inayoanza bila kusema nani alikuwepo. Ukimpelekea malalamiko jikoni kwake, kwamba kuku wa fulani wameparua mboga zako, alikuwa anakukatiza papo hapo. "Nani aliona?" Ukisema watu wote wameona, anakwambia, "Watu wote hawajawahi kuja mahakamani kwangu hata siku moja. Nitajie mmoja."

Alikozaliwa na ukoo wake nawaachia ndugu zake. Mimi nilimkuta mtaani kwetu Nangara akiwa amekwisha kustaafu uhakimu wa mahakama ya mwanzo, anaishi peke yake kwenye nyumba yenye vyumba viwili vya uani vya kupangisha. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya midomoni mwetu. Ukimuuliza mtu mzima yuko mkoa gani, alikuwa anaanza kusema Arusha, halafu anajisahihisha. Kila mwezi ilifunguliwa ofisi, na kila ofisi ilileta wageni wenye magodoro na makabati juu ya magari, wanauliza vyumba. Hakimu angeweza kuwapangisha maofisa. Akatupangisha sisi.

Sisi tulikuwa wanne na mkubwa ni mimi. Baba alikwenda machimboni, udongo ukamfukia na hakutolewa. Mama aliugua akamfuata. Nikaacha shule kidato cha pili, nikaanza kuchukua samaki kwa wavuvi wa ziwani na kuwakaangia watu wa stendi. Regina na Paskali walikuwa wanajiweza kidogo, lakini Fabiani alikuwa wa kubebwa mgongoni, na kwa kuwa nilimbeba nikiuza, mji mzima ukaniita Mama Fabi. Hakimu ndiye mtu pekee aliyewahi kuniuliza.

"Hilo jina wamekupa au umelitaka?"

"Wamenipa, Mama. Lakini nalitaka."

"Basi limepita," akasema, na kuanzia hapo hakuniita jingine.

Alikuwa mrefu, mwenye mwendo wa pole na koti jeusi la kazini ambalo alilivaa hata kwenda sokoni, juu ya kitenge. Hakuwa na sauti kubwa. Mtu akija kwake na hasira, alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Umenisimulia hasira yako. Sasa nisimulie tukio." Maneno hayo niliyasikia mara nyingi kiasi kwamba wadogo zangu walikuwa wakigombana wanaambiana hivyohivyo, na ugomvi unaharibika kwa kicheko.

Lakini mtu huyuhuyu, kwenye karata, alikuwa mwizi. Sijui niseme vipi kwa adabu. Jumapili baada ya kanisa tulikuwa tunacheza uani, yeye, mimi, Regina na Mama Neema, na Hakimu alikuwa anaficha karata chini ya kitenge chake. Regina alimkamata siku moja.

"Hakimu, hiyo ya chini ya goti ni ya nani?"

"Ipi?"

"Hiyo."

Akaitazama kama vile imeingia yenyewe. "Hicho ni kielelezo," akasema. "Bado hakijapokelewa." Na akaendelea kucheza. Mama Neema alicheka mpaka akalala kwenye mkeka.

Vilevile alikuwa amewafunga watu miaka na miaka, majambazi wa kweli, lakini hakuweza kuchinja kuku. Aliniita mimi, akaingia ndani, akafungulia redio. Nikimaliza nagonga dirisha.

Hayo ya masomo yalianza tukidhani ni mzaha. Shahada yake ya kwanza aliisoma kwa njia ya posta akiwa kazini, huku anahamishwa vituo. Baada ya kustaafu, mpwa wake akamletea kompyuta ndogo na modemu ya kuchomeka pembeni, ili wawe wanaonana kwa video. Hakimu akaitumia kutafuta chuo. Akajiandikisha shahada ya uzamili kwenye chuo cha ng'ambo, masomo yote kwa intaneti, katika sheria ambayo hatukuwahi kuisikia: sheria ya kimataifa ya kibinadamu.

"Ndiyo sheria gani hiyo?" Baba Zuhura alimuuliza dukani.

"Ni sheria ya vita. Yale ambayo hata vitani hayaruhusiwi."

"Vitani kuna yasiyoruhusiwa?"

"Yapo mengi."

"Na wanayafuata?"

"Wewe una mizani hapo," Hakimu akamwambia. "Wako wanaopunja. Je, tuache kupima?"

Baba Zuhura aliitazama mizani yake, akasema hata yeye hapunji. Hakimu akasema hakumtaja.

Mimi ndiye niliyemuuliza kwa nini, tukiwa tunapara samaki, kwa sababu mtu wa umri wake angeweza kupumzika. Akanieleza kwamba kabla ya kuja huku aliwahi kupangiwa mahakama ya mpakani, magharibi, miaka wakimbizi walipokuwa wanavuka. Kesi zake zilikuwa za wizi wa baiskeli na ugomvi wa mashamba. Lakini watu waliovuka walikuwa wanaona bendera na neno Mahakama, wanaingia, wanakaa kwenye benchi. Zamu yao ikifika wanasimama, wanaeleza waliyotendewa huko walikotoka, halafu wanauliza sheria inasemaje.

"Nilikuwa nawajibu kwamba jambo hilo haliko ndani ya mamlaka ya mahakama hii," alisema. "Ni jibu sahihi. Nimelitoa kwa watu wengi, Mama Fabi. Nataka kabla sijafa nijue jibu lenyewe lilikuwa lipi."

Kabla hajafa, alisema, lakini kilichomfukuza hakikuwa kifo. Daktari wa macho alikuwa amekwisha kumwambia kwamba ana presha ya macho, kwamba uoni wa pembeni umekwenda na wa katikati utafuata. Dawa za matone zingechelewesha tu. Kwa hiyo alikuwa anakimbizana. Alitaka kuimaliza shahada ile akiisoma kwa macho yake mwenyewe, na alikuwa amepiga hesabu kwamba, asipopoteza muda wowote, macho na masomo yatafika pamoja.

Ndipo ikaja siku ya mtihani.

Sheria za mtihani zilisema mtahiniwa awe peke yake chumbani, mlango umefungwa, madirisha yamefungwa, simu imezimwa, asizungumze na mtu. Msimamizi atakuwa anamtazama kupitia kamera mwanzo mpaka mwisho. Hakimu alizifuata zote. Kosa lake ni kwamba hakumwambia mtu. Aliona aibu, alituambia baadaye. Aliogopa kwamba akifeli tutamuuliza.

Kwetu Nangara mlango wa mtu mzima anayeishi peke yake haufungwi asubuhi. Pazia linashushwa, mlango unabaki wazi. Siku ile jua lilikuwa limepanda na mlango umefungwa. Madirisha yamefungwa. Kuku, ambao aliwafungulia kila siku kabla hata ya kunawa uso, walikuwa bado wanapiga kelele bandani. Mama Neema ndiye aliyeanza.

"Hodi! Hakimu, hodi!"

Kimya.

"Mama Fabi, njoo. Jana ulimwona?"

"Nilimwona jioni. Alikuwa mzima."

"Alikula?"

Nikapiga simu, imezimwa. Mzee Bura akavuka njia na fimbo yake. Baba Zuhura akaja na kofia yake ya kuswalia mkononi, na nilipoiona nikajua anafikiria msiba. Eli akasimamisha pikipiki. Hatukujadiliana. Eli aliweka bega, komeo likaachia, tukaingia wote kwa pamoja, Mama Neema akiwa tayari amekwisha kuanza kulia.

Hakimu alikuwa amekaa mezani, mgongo umenyooka, koti jeusi limefungwa vifungo vyote, mbele ya kompyuta. Aliinua mkono mmoja kutuzuia. Kwenye kioo alikuwepo yule kijana wa Kizungu, ametoa macho.

Hapo ndipo angeweza kujiokoa. Angenyamaza, akatuonyesha mlango kwa kidole, pengine wangemwelewa. Lakini Mzee Bura alikuwa amekwisha kuikaribia kompyuta, ameinama, anamtazama yule kijana na kusubiri. Kijana alikuwa wa umri wa wajukuu zake, na hakutoa shikamoo.

"Hakimu," Mzee Bura akasema, "huyu mtoto ni wa nani?"

Na Mama Neema akawa ameangukia miguuni pa Hakimu, anamshika magoti, anasema, "Tulijua umekufa. Tulijua umekufa."

Hakimu alimtazama Mama Neema. Akatutazama sisi wote mmoja mmoja. Halafu akashusha mkono, akasema kwa sauti yake ileile ya kila siku, "Karibuni. Kaeni. Mimi ni mzima."

Mtihani ukafutwa. Chuo kilimwandikia kwamba kanuni imevunjwa na kwamba nafasi nyingine itapatikana mwaka unaofuata. Akajibu kwa kueleza lililotokea, na kuwataja wote waliokuwepo. Regina aliyekuwa anamsaidia kuandika alimwambia aseme tulivamia, kwamba hatukumpa nafasi ya kunyamaza.

"Hamkuvamia. Mlikuja kuzika," Hakimu alisema. "Mtu akija kukuzika, huwezi kumwacha amesimama. Andika kwamba niliwakaribisha mwenyewe."

Chuo hakikubadilisha uamuzi. Kwa mtu mwingine mwaka ni mwaka. Kwake ulikuwa mwaka wa macho.

Wiki ileile alituita uani, wote sita. Tulidhani ni chai. Chai ilikuwepo, ila yeye alikuwa amekaa kwenye kiti cha mgongo na sisi tumewekewa benchi. Akatueleza habari ya macho, ambayo wengi wetu hatukuijua. Mama Neema akaanza tena kulia. Hakimu akangoja amalize.

"Washtakiwa," akasema, "mmenichukulia mwaka. Sina shaka kwamba mlifanya kwa nia njema, na mahakama imelizingatia hilo. Lakini mwaka wangu siuoni. Mna la kujitetea?"

"Mheshimiwa, mimi nilikuwa napita tu," Eli akasema.

"Bega lilikuwa la nani?"

Eli akainama. "La kwangu."

"Hukumu ni hii. Mmenipunguzia macho, mtanilipa macho. Kila mmoja atakuwa na siku yake, alasiri. Atakuja hapa kunisomea, mpaka nimalize shahada hii."

"Kwa Kiingereza?" nikauliza.

"Kwa Kiingereza."

"Mama, mimi Kiingereza sikijui."

"Sijasema uelewe. Nimesema usome. Kuelewa ni kazi yangu."

Eli alijaribu kukata rufaa. Alisema siku hizi kompyuta inasoma yenyewe, akamwonyesha. Hakimu aliisikiliza ile sauti inayosema kama mtu aliyebanwa pua, akaizima. "Hii nikiiambia rudia, hairudii. Nikicheka, haiulizi ninacheka nini. Jumatano ni siku yako."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu, na mpaka leo nikipita kwenye ile njia alasiri nakumbuka. Makaratasi tulikuwa tunayachapisha kwenye steshenari ya karibu na stendi, rundo baada ya rundo. Baba Zuhura alisoma haraka bila kupumua, kama alivyozoea kusoma madrasani utotoni, na Hakimu alikuwa anamgonga goti ili apunguze. Mama Neema alisoma kwa kuimba. Akifika mwisho wa sentensi anashusha sauti kama amemaliza ubeti. Eli alisoma akiwa juu ya pikipiki iliyozimwa, na akikutana na neno refu anasema, "Hapa pana kona kali, Hakimu," halafu analipita polepole. Regina, ambaye alikuwa amemaliza kidato cha nne, alisoma vizuri kuliko sisi wote, na Hakimu akamhamishia kwenye kuchapa.

Mzee Bura hakujua kusoma. Aliiambia mahakama hivyo siku ya hukumu, bila aibu. Akapewa adhabu ya kukaa na kuuliza. Alikuwa anakuja siku zote, hata zisizo zake. Hakimu akisomewa ukurasa mzima, anatueleza kwa Kiswahili, na Mzee Bura anauliza.

"Hapo wametaja ng'ombe?"

"Hapa wanasema ni marufuku kuharibu vitu ambavyo raia hawawezi kuishi bila hivyo. Chakula, mazao, maji ya kunywa. Mifugo."

"Wameitaja mifugo?"

"Wameitaja."

"Waliokaa wakaandika hiyo walikuwa watu wa maana," Mzee Bura akasema, na kuanzia siku hiyo alikuwa anawaeleza wafugaji wenzake mnadani kwamba dunia nzima imekwisha kukubaliana kuhusu ng'ombe.

Siku yangu ilikuwa Jumamosi, nikishamaliza samaki. Nilisoma kila herufi kwa sauti yake, kama ninavyosoma Kiswahili, na yeye alikuwa anafumba macho na kulirudisha neno mahali pake. Wakati mwingine alinisimamisha katikati, na mimi sikujua nimesoma nini. Jumamosi moja alinisimamisha hivyo.

"Unajua hapo umesoma nini?"

"Sijui, Mama."

"Umesoma kwamba familia zina haki ya kujua ndugu zao wamepatwa na nini. Waliopotea watafutwe. Waliokufa wazikwe kwa heshima, makaburi yawekwe alama, ili watu wao wakija wayakute."

Nilikuwa nimeshika ile karatasi. Nikauliza, "Na wa machimboni?"

Angeweza kunidanganya. Alijua fika nauliza kuhusu nani, na angesema ndiyo tu, mimi ningeondoka pale nimefurahi.

"Hii ni ya vita tu, Mama Fabi," akasema. "Ya machimbo sijaisoma. Hapa haimo."

Nikaendelea kusoma. Alipoona sauti yangu haiendi sawa, hakunigonga goti wala hakunisahihisha. Aliyaacha maneno yapite yalivyo mpaka mwisho wa ukurasa. Nadhani ndiyo mara pekee aliyoruhusu makosa yangu.

Mwaka ulipozunguka, chuo kilimkubalia herufi kubwa na muda wa ziada kwa sababu ya macho. Safari hii aliutangaza mtihani dukani, kisimani, na kanisani kwenye matangazo. Kuku walifunguliwa mapema. Mzee Bura aliweka kigoda njiani, na kila aliyepita alimwambia kwa sauti ya kuita ng'ombe, "Hakimu ni mzima! Yuko kwenye mtihani! Pita kimya!" Mama Neema alimwomba apunguze sauti. Hakupunguza. Hakimu alituambia baadaye kwamba msimamizi aliandika kitu, lakini hakuusimamisha mtihani.

Alifaulu. Tasnifu aliitunga kichwani na kumwambia Regina achape, kwa sababu wakati huo herufi, hata kubwa, zilikuwa zimeanza kumtoroka. Aliandika kuhusu waliopotea vitani na familia zinazowasubiri. Ilipopita, alituita uani kwa mara ya pili na kututangazia. Halafu akaanza kutuachia, mmoja mmoja, kwa jina. Baba Zuhura, umemaliza. Mama Neema, umemaliza. Eli, umemaliza, na kuanzia leo ukiona mlango umefungwa gonga kwanza. Regina akaambiwa amezidisha. Mzee Bura alikataa kuachiwa kwa sababu alikuwa na maswali yaliyobaki. Jina langu hakulitaja. Nikadhani amesahau, na sikutaka kumkumbusha mbele za watu.

Sasa anaishi Bagara, upande mwingine wa mji, kwa mpwa wake, na haoni tena. Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia. Sikuwa nimekwenda muda mrefu, Fabiani alikuwa anaanza chuo na mambo yalikuwa mengi. Nilimkuta amekaa juani na lile koti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mama Fabi. Fabi hajambo?"

"Hajambo. Amekwenda chuo."

"Amekwenda kusoma nini?"

"Ualimu."

"Vizuri. Na wewe umekuja kufanya nini?"

Nikamwambia nimekuja kumwona. Halafu, kwa kuwa lilikuwa limenikaa siku nyingi, nikamwambia kwamba siku ile aliwaachia wote akanisahau mimi. Kwamba mwenzao nilisoma kama wao, Jumamosi zote, hata za mvua. Kwamba ningependa na mimi kusikia nimemaliza.

"Sikukusahau."

"Basi nisamehe, Mama. Niachie."

"Wale niliwaachia kwa sababu wanakuja hata bila deni," akasema. "Baba Zuhura juzi alikuwa hapa. Mama Neema anakuja kunisuka. Wewe ni mtu wa kazi. Wewe hujawahi kwenda mahali usipodaiwa. Nikikuachia hutarudi."

Nikataka kubisha, lakini alikuwa amesimulia tukio, si hasira.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kesi yako imeahirishwa mpaka Jumamosi. Kuna makaratasi kwenye kabati. Yale ya kwanza kabisa. Nimeanza kuyasahau."

Tangu hapo nakwenda. Nafunga biashara mapema, napanda kwa miguu mpaka Bagara, navuta kigoda, nasoma kila herufi kwa sauti yake. Hajaniachia mpaka leo, nami sijaomba tena.